Mishumaa inayopinda mchana: kosa ni la nta

Dada wa Chumbageni, umeuliza kwa nini mishumaa yako ya kusimama inapinda ikifika saa nane mchana, na kama ile ya kwenye glasi uimimine kwa nta hiyohiyo. Usifanye hivyo. Mimi nimeshalipia somo hili.

Nilipoanza nilipata oda ya harusi hapa Ngamiani, Tanga, mishumaa 40 ya kusimama. Nikaimimina yote kwa nta ya soya, maana ndiyo kila mteja alikuwa anaiulizia. Nikaipanga chumbani, juu bati tupu, dari hakuna. Jioni nakuta yote imerukuu. Soya ile laini inayeyuka kwenye nyuzi joto 50 hivi, na inalegea kabla hata ya kufika hapo. Iweke kwenye glasi au kifuu, humo kulegea hakuna madhara.

Wa kusimama unataka parafini ngumu, ile nta ya mafuta ya petroli, inayoyeyuka kwenye nyuzi 58 hadi 60. Mimi natia na stearini, kikazio cha nta kitokanacho na mafuta, gramu 100 kwa kilo. Mshumaa unakaza na unachomoka kwenye kalibu bila ugomvi. Ila parafini husinyaa ikipoa, kwenye utambi panabonyea shimo. Bakiza nta kidogo ya kujazia.

Ninayoipenda hasa ni nta ya nyuki. Hiyo haiyeyuki mpaka nyuzi 62 na kitu. Naichukua kwa warina asali wa Handeni, inakuja na takataka zake zote, hata mabawa ya nyuki. Naichemsha pamoja na maji, nachuja kwa kitambaa, naiacha usiku kucha. Asubuhi imeganda juu ya maji kama chapati nene, nakwangua uchafu wa chini. Utambi unaofaa mshumaa wa parafini ukiutia kwenye nta ya nyuki utazama na kuzimika, tafuta mnene zaidi. Bei yake iko juu, ndiyo maana wengine wanaichanganya na parafini. Si vibaya, ila mteja aambiwe.

Aliyekushauri mafuta ya nazi matupu sijui anaishi wapi. Yale yanayeyuka kwenye nyuzi 24! Hapa Tanga yanaganda lini, labda alfajiri ya Julai.

Halafu nta usiiweke juu ya moto moja kwa moja. Sufuria ndani ya sufuria yenye maji, na usiondoke jikoni. Ikishika moto funika kwa mfuniko, maji usithubutu kumwaga.

Nipe upana wa mdomo wa glasi zako nikwambie utambi.