Muulize Nesi: Janga likija, wodi zetu ziko tayari?

Maswali ya safu hii hujibiwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi katika wodi za Kanda ya Ziwa.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala hapa Mwanza. Binti yangu wa kwanza amemaliza udaktari, sasa ni daktari tarajali. Juzi alinipigia simu akaniambia wodini kwao glovu huisha kabla ya mwezi kwisha, na ndugu wa mgonjwa wanatumwa duka la dawa kununua. Nikakumbuka Marburg ya Kagera, nikakumbuka Ebola ya Uganda, usingizi ukaruka. Wakubwa wanasema tumejiandaa. Ni kweli? Au nimwambie arudi nyumbani tutafute kazi nyingine? – Baba Daktari, Mwanza

JIBU: Marahaba, Baba Daktari. Na hongera, kumsomesha mtoto hadi udaktari kwa pesa ya randa na msumeno si mchezo.

Nikujibu bila kuzunguka. Kuuzima moto ukishaonekana, tunajua. Kuuona mapema wodini, siku ya kawaida, bado tunayumba. Na janga halipigi hodi, huingia siku hiyo hiyo ya kawaida.

Tazama Bukoba Vijijini. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza Marburg, ugonjwa wa kirusi, ndugu yake Ebola, ambao haukuwahi kuthibitishwa nchini kabla ya hapo. Wagonjwa walifika 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Watumishi wa afya walikuwamo miongoni mwa wagonjwa. Kuufunga ugonjwa wa namna ile kwa wagonjwa 9 ni kazi kubwa, na waliofuatilia watu nyumba kwa nyumba hawakusifiwa vya kutosha. Lakini njoo Biharamulo, mkoa huo huo wa Kagera. Rais alipotangaza tarehe 20 Januari 2025 kwamba Marburg imerudi, watu walikuwa wameshakufa. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 10, na wote 10 walifariki. Waliothibitishwa maabara ni 2 tu, wale 8 walikufa kabla ugonjwa haujajulikana ni nini.

Simlaumu nesi wa zahanati kwa hilo. Mgonjwa wa Marburg siku ya kwanza ana homa, kichwa kinauma, mwili umechoka, pengine anatapika. Kwetu hiyo ni malaria, ukikosea ni taifodi. Anatobolewa kidole, anatundikiwa dripu, ndugu wanamfuta jasho. Damu zikianza kutoka kwenye fizi, waliomgusa wameshajaa ukumbi.

Usidhani ni umaskini peke yake. Majirani zetu Rwanda wana hospitali ambazo wengi tunazionea wivu. Marburg ilipotangazwa kwao tarehe 27 Septemba 2024, zaidi ya robo tatu ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, wengi wao wa wodi za wagonjwa mahututi Kigali. Wodi za mahututi! Mashine zilikuwapo, madaktari bingwa walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumshuku yule mgonjwa wa mwanzo kwa wakati. Baada ya hapo, nikiri, walipigana vizuri kuliko nilivyowahi kuona: siku 9 tangu kutangaza walishaanza kuchanja watumishi kwa chanjo ya majaribio, na kati ya wagonjwa 66 walifariki 15. Kwa Marburg hiyo ni idadi ndogo mno.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani zaidi. Mwaka 2000 huko Gulu, Uganda, katika Hospitali ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa, na baadaye ikajulikana ni Ebola. Dakta Matthew Lukwiya aliitwa kutoka Kampala. Alipofika alipekua mafaili ya wagonjwa, akaona vifo vinafanana, akatafuta miongozo ya kutenga wagonjwa na kufungua wodi ya kutengea kabla majibu ya maabara hayajarudi. Huo ndio utayari ninaouelewa mimi. Naye alikuja kufa Desemba mwaka huo huo. Usiku mmoja aliitwa haraka kwa nesi mgonjwa aliyekuwa akihangaika, akaenda amevaa kanzu ya hospitali, barakoa na glovu. Miwani ya kukinga macho hakuvaa.

Sasa turudi kwenye glovu za binti yako, maana ndipo penye mzizi wa jambo. Mavazi kinga kuvaa si tatizo, kila kijana anaweza. Kuvua ndiko kunakoua. Umekaa ndani ya nailoni saa nzima, jasho limetuama kwenye gambuti, miwani imepata ukungu, una kiu ya kufa. Mwenzako amesimama ng'ambo ya kamba anakusomea kwa sauti: nyunyiza mikono klorini, vua aproni, nyunyiza tena, vua glovu za juu, inama mbele, fumba macho, toa miwani kwa kushika mkanda wa nyuma. Hapo katikati ukijikuna pua kwa kusahau, umejiambukiza. Ni kama wewe na randa: mkono hauanzi kujifunza siku mteja mkubwa ameleta mbao za mninga. Mtu aliyezoea kupitisha glovu moja kwa wagonjwa watatu kwa kuwa boksi limebaki moja, hiyo mikono imejifunza nini?

Na anayesahaulika kuliko wote ni mpiga deki. Ameajiriwa na kampuni, mshahara mdogo, semina haitwi. Nimewahi kumkuta mama mmoja ameanika glovu zake dirishani zikauke azivae kesho, naye ndiye anayebeba ndoo ya matapishi. Ukitaka kujua kama hospitali imejiandaa usimuulize mganga mfawidhi, atakuonyesha faili. Muulize mama yule jiki anaichanganya vipi. Akijibu kwamba jiki ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, hapo pana watu makini.

Binti mwache kazini. Ila muulize kama amemaliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B, maana kujichoma sindano kazini kuna hatari yake hata bila Marburg. Muulize anayo namba ya nani akimshuku mgonjwa saa nane usiku. Na glovu zikiisha aandike kwenye kitabu cha ripoti, kwa tarehe, kila zinapoisha. Ukimtumia boksi moja sikukatazi, lakini pengo lisiloandikwa hakuna wa kulijaza.

SWALI: Mama Nesi, wakati wa korona tulisikia shida ni mashine za kupumulia. Serikali ikinunua nyingi si yamekwisha? – Muuza dawa, Shinyanga

JIBU: Hayajaisha. Wagonjwa wengi wa korona waliolazwa walihitaji oksijeni ya kawaida: mtungi uliojaa au mtambo unaozalisha, umeme usiokatika, na kile kipimo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Mashine inakuja baadaye kabisa, na inataka nesi aliyefunzwa awepo mchana na usiku. Bila huyo utabaki na sanduku la bei ghali limefunikwa shuka.

Halafu hizi orodha za utayari nazisoma kwa jicho moja. Oktoba 2019 wataalamu walipanga nchi 195, Marekani ikawa ya kwanza, Uingereza ya pili. Haukupita mwaka tukaona manesi wa New York kwenye picha wamevaa mifuko ya taka.

SWALI: Shikamoo. Nimetoka kuzika ndugu ng'ambo ya mpaka, sasa nina homa. Nikisema ukweli pale mapokezi si watanifungia? – Msomaji, Kyerwa

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Sema, tena sema kabla hujaguswa na mtu. Bora zaidi piga 199 ukiwa nyumbani, ni bure, uwaeleze ulikuwa wapi na lini. Usipande bodaboda wala daladala kabla hujaambiwa la kufanya. Ebola na Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21, kwa hiyo kama mazishi yalikuwa miezi miwili iliyopita, hofu hiyo iweke pembeni ukapime malaria leo. Kama ni wiki iliyopita watakutenga, ndiyo, na watachukua damu. Huenda ni malaria tu, nayo wataipima na kuitibu humo humo. Na wakisema kipimo kirudiwe, usigombe nao: damu iliyochukuliwa kabla ya siku tatu tangu homa ianze inaweza isionyeshe kirusi hata kama kimo.