Hisa imeshuka asilimia 80, bosi mpya kaja: niongeze pesa au niache?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Miaka minne iliyopita nilinunua hisa za kampuni moja ya maduka, jina naomba nilihifadhi. Enzi hizo gawio lilikuwa linaingia kila mwaka bila shida. Nilinunua bei ikiwa 100, leo ipo 20. Sasa mwaka jana wameleta mkurugenzi mkuu mpya, ana sifa kubwa huko alikotoka, katangaza mpango wa miaka mitatu wa kuifufua kampuni, maduka mengine yanafungwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na tangu aje bei imeanza kunyanyuka kidogo. Nina akiba inayolingana na ile niliyoweka mwanzo, nimepiga hesabu nikiiweka yote sasa wastani wangu unashuka mpaka 33 na ushee, yaani bei ikifika hapo tu nimerudisha pesa yangu. Mke wangu anasema nimerogwa. Nani yuko sahihi?
— Mwenye Hisa Zilizolala

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hesabu yako ya 33 ipo sawa, nimeirudia mwenyewe. Ila angalia inajibu nini: inakwambia lini maumivu yako yataisha, haikwambii chochote kuhusu kampuni. Hisa haijui wewe ulinunua kwa 100. Kuna mtu leo anaifungua hiyo kampuni kwa mara ya kwanza, hana kidonda chochote, anaona bei ya 20 na anajiuliza kama inafaa au haifai, basi wewe na yeye mna swali lilelile. Na usidhani kwa kuwa imeshuka 80 basi haina pa kushuka tena, hisa iliyoshuka asilimia 90 ni ile iliyokuwa imeshuka 80 halafu ikakatika nusu.

Sasa nikwambie kitu ambacho watu wengi wanakiruka. Wote mnauliza "kampuni itapona?" wakati kampuni inaweza kupona vizuri kabisa na mwenye hisa akazikwa. General Motors waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao, ile ya kufilisika, tarehe 1 Juni 2009, magari wanatengeneza mpaka leo, lakini wenye hisa za zamani walitoka mikono mitupu. Kodak, wale wa filamu za kamera, vilevile, waliingia mahakamani Januari 2012, wakatoka Septemba 2013 kampuni ikiwa hai, hisa za zamani zikafutwa. Ndo utaratibu wenyewe ulivyo, kwenye foleni ya kulipwa wanaanza wadai walioshika dhamana ya mali, wanafuata wadai wengine, mwenye hisa yupo mwisho kabisa na mara nyingi sufuria linafika kwake limeshakombwa.

Kwa hiyo kabla hujasoma hotuba ya bosi mpya nenda kwenye kurasa za madeni, zile za nyuma kwenye ripoti ya mwaka ambazo hazina picha. Tafuta deni lipi linaiva lini, yaani lini linatakiwa kulipwa. Halafu angalia keshi iliyopo, na kila robo mwaka inapungua kiasi gani. Tuseme keshi ni 60 na kila robo inaondoka 10, hapo wana robo sita, mwaka mmoja na nusu, na kama kuna deni la 40 linaiva baada ya miezi tisa basi hata hiyo miezi tisa yenyewe ni ya kubanwa maana mpaka hapo wamebaki na 30. Mpango wa miaka mitatu kwenye kampuni ya miezi tisa ni stori tu. Watafanya nini? Watakopa kwa riba kubwa, au watauza mali, au watatoa hisa mpya nyingi kwa bei ya kutupa na kipande chako kitakonda hata kama biashara inapona. Soma pia barua ya mkaguzi wa hesabu, akiandika ana mashaka makubwa kama kampuni itaweza kuendelea, usijiambie eti ni lugha yao tu ya kawaida.

Hapo kwenye kuuza mali nikutahadharishe, maana wewe umesema ni kampuni ya maduka. Sears ya Marekani iliishi hivyo miaka, leo inauza hiki kesho kile, 2017 ikauza brandi yake ya vifaa vya ufundi ya Craftsman, Oktoba 2018 ikafilisika. Kila mauzo yalileta keshi na kila mauzo yaliondoa sababu moja ya mteja kuingia dukani.

Kuhusu bosi mwenye sifa, mi huwa hanibabaishi kabisa. JCPenney, kampuni nyingine ya maduka ya Marekani, walimchukua Ron Johnson, mtu aliyejenga maduka ya Apple, hisa ikaruka alipotangazwa. Akaondoa kuponi na punguzo ambazo wateja wao walizizoea, mauzo ya 2012 yakaanguka karibu asilimia 25, Aprili 2013 akaondoka. Bei kupanda bosi akija ni matumaini tu, dukani bado hakujabadilika kitu.

Cha kupima ni kama kinachoumwa ni kampuni au ni biashara yenyewe. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, mjanja kuliko mimi na wewe tukijumlishwa, aliichukua Berkshire Hathaway mwaka 1965 ikiwa kiwanda cha nguo kinachokufa, na sehemu ya sababu ni kwamba alikasirika baada ya bosi wa pale kumwahidi bei moja ya hisa kisha kumtumia ofa pungufu kidogo. Kiwanda kilipata meneja mzuri na kikavumiliwa miaka 20, bado kikafungwa 1985. Apple ya 1997 ilikuwa kinyume, ilipata hasara ya dola bilioni 1 hivi mwaka ule, lakini watu duniani walikuwa wanazidi kununua kompyuta, ugonjwa ulikuwa ndani. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, akarudi, akafyeka bidhaa akabakisha chache, Microsoft ikaweka dola milioni 150, ikapatikana pumzi. Sasa maduka yako, wateja wamehamia kwa jirani anayefanya kazi ileile vizuri zaidi, au wameacha kabisa kununua kitu hicho? Kama ni jirani, kuna cha kutengeneza. Kama wameacha, bosi atabana matumizi mpaka abaki na ofisi.

Mimi ningekaa na akiba yangu nikasubiri. Najua unaogopa treni itakuacha. Ila aliyesubiri mpaka Apple irudi kwenye faida mwaka 1998 hajawahi kujuta eti alichelewa. Lipa 30 ukiwa umeona, kuliko 20 ukiwa unaombea. Cha kuona ni mauzo ya maduka yaleyale yaliyobaki (siyo jumla, jumla inachezewa na maduka yaliyofungwa) kwamba yameacha kushuka, na keshi inatoka kwenye biashara yenyewe siyo kwenye kuuza majengo, na bidhaa hazirundikani stoo. Robo mbili tatu mfululizo. Hisa ulizonazo ziulize swali lilelile, kama leo usingezinunua basi unazishikilia kwa huruma.

Na mkeo hajakosea sana, tatizo lake kasema kabla ya kusoma kurasa za madeni.

SWALI: Mzee, na kama bosi mwenyewe ananunua hisa kwa pesa yake, hiyo si ishara tosha?
— Msomaji wa Siku Zote

JIBU: Ni nzuri kama kanunua sokoni kama sisi, siyo kupewa kwenye mkataba, na kama ni kiasi kitakachomuuma akikipoteza. Tosha, hapana. Edward Lampert alikuwa mwenye hisa mkubwa wa Sears, tena kwa miaka kadhaa ndo mkurugenzi mkuu, ila mfuko wake wa uwekezaji pia uliikopesha kampuni. Yeye alisimama kwenye foleni mbili, ya wadai na ya wenye hisa, wenye hisa wadogo walikuwa na ile moja ya mwisho.