Mwana Kupona alikuwa mgonjwa

Swali la juma hili linatutaka wasomaji tutaje maandishi tuliyoyasoma kwa hiari yetu, nje ya darasa na nje ya kazi, yaliyotufanya tukifikirie kifo, imani na hali ya kuwa mwanamke. Jibu langu ni Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wasia wa mama kwa bintiye, na najua wapo watakaoshangaa, kwa kuwa utendi huo umezoeleka kutajwa penye shughuli za arusi, mwali anapokumbushwa kumtii mume, wala si penye mazungumzo ya mauti.

Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, kisiwa cha upande wa Lamu, aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji wa kisiwa hicho hicho, aliyepambana kwa miaka mingi na utawala wa Sultani wa Zanzibar. Aliyekusudiwa ni bintiye, Mwana Hashima, ambaye bado alikuwa msichana. Shuleni tulisomeshwa beti chache za katikati, zile za mume, tukafanyia mtihani, tukapita. Nilipoushika mzima nilikuwa mama wa binti, na lahaja yake ilinilazimu kwenda polepole na faharasa pembeni, pengine upole huo ndio ulionifanya nisimame mahali ambapo wengi huruka, yaani mwanzoni kabisa: "Maradhi yamenishika / hata yametimu mwaka." Anayesema ni mtu aliyeugua mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwambia mwanawe neno la maana, na sasa anamwita aje mbele yake aketi: "na wino na qaratasi." Binti ndiye anayeambiwa alete vifaa vya kuandikia wasia wa mama yake aliye kitandani.

Wanawake wa rika la mama yangu hawakuzungumza kifo namna hiyo. Marehemu mama alinionyesha droo ya chini ya kabati, palipokuwa na sanda, pamba na karafuu maiti ndani ya mfuko wa plastiki, akanitajia mtu anayemdai na kiasi cha deni, kisha akarudi jikoni. Alikuwa ametimiza wajibu wake, na simlaumu. Lakini niliposoma Mwana Kupona nilitambua kuwa kulikuwa na mazungumzo mengine ambayo mama na binti wangeweza kuwa nayo, na kwamba mila yetu wenyewe iliyajua tangu zamani.

Neno wasia hapa lina uzito ambao msomaji asiyefuata habari za mirathi anaweza asiuone. Katika sheria ya Kiislamu binti ni mrithi mwenye fungu lililokwisha kupangwa, na mrithi haongezewi mali kwa wasia ila warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo mama anayetaka kumpa bintiye kwa wasia zaidi ya fungu lake hana njia nyepesi ila maneno, na Mwana Kupona anayageuza maneno kuwa vitu vya kuvaa: anasema atampa hirizi aifunge vizuri kwa uzi, kisha atamtungia kidani cha lulu na marijani amvike shingoni. Nimeona wachambuzi wakizipita beti hizo kana kwamba ni pambo la kuanzia tu. Mimi naona ndipo mama anapotoa urithi ambao hakuna kadhi wa kuugawa.

Zinafuata beti zilizompa umaarufu. Mwaka 1934 wataalamu wa Kiswahili Alice Werner na William Hichens walipozichapisha Uingereza, jina la kitabu chao lilitangaza kuwa hizi ni nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo sura hiyo haijamtoka. Siwezi kujidai kuwa beti hizo hazipo. Anasema siku ya kufufuliwa uamuzi utakuwa wa mume, akitaka mke aende peponi atapelekwa, akitaka motoni hana budi atiwe. Ubeti huo siukubali, na sioni kuwa imani yangu inapungua kwa kuukataa, maana Qurani inasema katika Surat Al-An'am kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Hata hivyo, nikizisoma nikikumbuka kuwa ni mgonjwa anayesema, nasikia hofu ya mama anayemwacha msichana asiye na baba, ambaye hivi karibuni hatakuwa na mama pia, katika mji ambamo usalama wa mwanamke ulitegemea mno nyumba atakayoolewa. Ndiyo maana anashuka hadi kwenye pete za vidoleni, hina mikononi na wanja wa macho: anamfundisha namna ya kuishi.

Wala uanamke wake si wa kila mwanamke. Anamwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, na hapo siwezi kusoma bila kujiuliza ni nani aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumfulia mashuka mwaka ule mzima. Huenda alikuwa mmoja wa watumwa hao, na wasia wake, kama aliutoa, haukuletewa wino.

Kuhusu imani, sehemu iliyonigusa zaidi ni dua iliyochukua nafasi kubwa ya utendi kuelekea mwisho, ambayo shuleni hatukuifikia kabisa. Hapo mwanamke aliyekwisha kusema kuwa pepo ya mke imo mikononi mwa mumewe anasimama mbele ya Mola yeye mwenyewe, anaomba apozwe, anawaombea watoto wake na jamaa zake, anaomba msamaha wa makosa yake. Wanazuoni watajua namna ya kupatanisha sehemu hizo mbili. Mimi, nikilazimika kuchagua, nafuata ile ya pili. Mwalimu yeyote anayelisoma jarida hili na kuufundisha utendi huu namwomba aanze na beti za maradhi, kisha aharakishe kufika kwenye dua kabla kengele haijalia. Zile za mume wanafunzi watazipata hata asipozifundisha, kwa kuwa hakuna kungwi asiyezijua.