Mwanangu, miji sita kwa siku tisa ni mingi

Mwanangu,

Swali lako nimelipata: mko wanne, gari la mjomba wako, siku 9, miji 6, kilomita kama 1,900 kwenda na kurudi, na pesa za kubana. Umeuliza kama mkisafiri usiku na kulala garini siku mbili tatu bajeti itatosha. Pesa huenda zikatosha. Siku ndizo hazitoshi.

Usihesabu miji, hesabu vipande vya njia. Miji 6 ni vipande 7, kwa sababu kuna kutoka nyumbani na kuna kurudi. Kila kimoja kwa wastani ni kilomita 270. Ramani ya simu itakwambia saa tatu na nusu, lakini ramani haiendi haja, haijazi mafuta, haikai kwenye foleni ya kuingia mjini, wala haimsubiri yule rafiki yako anayetafuta chaja wakati wenzake wameshafunga mikanda. Mimi ningeandika saa tano, na hapo bado kufungasha asubuhi na kutafuta maegesho jioni. Siku ya namna hiyo imekwisha, na ninyi mnazo 7 kati ya 9.

Punguzeni ibaki mitatu. Vipande vinakuwa 4, na siku 5 hamna haraka ya kwenda popote. Kila mmoja aandike mji mmoja asiokubali kuukosa, bila kumwonyesha mwenzake. Nadhani hamtapata majina manne tofauti. Kama miji miwili imekaribiana, laleni kwenye ule wa bei nafuu, mwingine mwende asubuhi mrudi jioni.

Kusafiri usiku sitaki, na silisemi hili kwa uoga wa mama tu. Usingizi humvamia dereva hasa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kisha tena mchana, saa nane hadi saa kumi. Katika Umoja wa Ulaya sheria inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na huyo ni mtu anayeishi barabarani. Ninyi simameni kila baada ya saa mbili, mpokezane usukani. Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakuondoi usingizi. Egesheni mahali salama, dereva alale dakika 20. Tena hela ya kitanda mtakayookoa kwa kukesha njiani, mtailipa kesho yake kwa kusinzia kutwa nzima katika mji mliokuja kuutazama.

Kwenye mafuta usiiamini namba ya kitabu cha gari. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, liendesheni wiki moja kama kawaida, kisha jaza tena vilevile. Zikiingia lita 32 na mmetembea kilomita 400, gari linakula lita 8 kwa kila kilomita 100. Safari ikipungua hadi kilomita 1,400, hizo ni lita 112. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mizigo na foleni, uandike 125. Msifunge mizigo juu ya paa kama buti inatosha. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa bado ya baridi. Na msikimbie: kutoka mwendo wa 90 hadi 110 kwa saa, upinzani wa hewa unapanda kwa karibu nusu, na kwenye kilomita 300 mnaokoa dakika 36 tu. Kituo kimoja cha chai kinazila zote.

Malazi yalinganishe pamoja na maegesho. Chumba cha bei rahisi katikati ya jiji, ambako gari nalo linalipiwa kila usiku, kinaweza kuzidi kile cha pembeni chenye uwanja na basi la kuingilia mjini.

Changeni kabla ya kuondoka: mfuko mmoja wa mafuta, ushuru wa barabara, maegesho na malazi. Chakula na manunuzi, kila mtu na lake. Moja ya tano ya mfuko iwekwe kando kwa dharura. Isipoguswa mtagawana mkirudi. Mjomba naye msimsahau. Mfuko huo ulipie oili mpya na ukaguzi wa breki, maana gari lake linachakaa hata kama hamlioni likichakaa. Tairi la akiba na jeki mvione kwa macho yenu.

Lakini kabla ya yote hayo muulize bima yake inaruhusu nani aendeshe. Ikiwa ni yeye peke yake, hakuna wa kupokezana na wewe wala wewe mwenyewe huruhusiwi, na hesabu yote hii inabadilika. Ukipata jibu lake nipigie.

Mama yako