Maswali ya Wasomaji: Volteji ya Kuchajia Betri za Jeli

SWALI: Mhariri, nina mashua ya injini ya dizeli katika ufuo wa Dunga, Kisumu, ambayo hupeleka wageni Kisiwa cha Ndere. Betri zangu za taa na friji zilikuwa za maji, na regyuleta (kidhibiti volteji) ya nje ya alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini, ilipangwa ifikie volti 14.8. Betri hizo zilipochoka nilinunua mbili za jeli, za volti 12. Fundi anasema nisiguse regyuleta, kwa kuwa volteji kubwa hujaza betri upesi. Je, ni kweli? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali shusha volteji hiyo kabla ya safari nyingine yoyote. Betri ya maji inaweza kustahimili volti 14.8 kwa kuwa, gesi inapotoka, wewe hufungua vifuniko na kurudisha maji yaliyopungua. Betri ya jeli imezibwa, na asidi yake imegandishwa katikati ya mabamba ya risasi. Gesi ikizidi ile ambayo betri inaweza kuigeuza tena kuwa maji, hutoroka kupitia vali na kuacha mapengo ndani ya jeli. Sehemu ya bamba iliyoachwa wazi namna hiyo haifanyi kazi tena, na hakuna chaji itakayoifufua.

Hoja ya kujaza upesi nayo haisimami. Betri ikiwa tupu, alternata hutoa ampea zote inazoweza huku volteji ikipanda polepole, na katika muda huo kikomo cha volteji ulichokiweka kwenye regyuleta hakijaanza kazi. Kikomo kikishafikiwa, regyuleta hukishikilia na ampea hupungua zenyewe. Kwa hiyo kukipandisha kunaharakisha kipande cha mwisho tu, ambacho ndicho kipindi cha gesi.

Betri nyingi za jeli hutaka kikomo cha volti 14.1 au 14.2 zikiwa na joto la nyuzi 25, kisha zikijaa, volteji ya kuzitunza ya 13.5 hadi 13.8. Soma kwanza maandishi yaliyo kwenye betri yenyewe, maana nambari ya mtengenezaji ndiyo yenye kauli. Ikiwa betri ya kuwashia injini bado ni ya maji, nayo itajaa kwa volti 14.1, ingawa itahitaji muda mrefu zaidi.

Joto la Kisumu lisisahaulike. Kila nyuzi moja juu ya 25 huhitaji volteji ya betri ya volti 12 ipunguzwe kwa takriban volti 0.02 hadi 0.03, kwa hiyo betri iliyo karibu na injini, ikifika nyuzi 40, yaweza kuhitaji kikomo kilicho chini kwa volti 0.3 au zaidi. Regyuleta yako ikiwa na waya wa kupima joto, ufunge kwenye kichwa hasi cha betri, si kwenye ukuta wa chumba cha injini.

Jambo ambalo naona mafundi wengi hulipuuza ni mahali volteji inapopimwa. Waya wenye ukinzani wa omu 0.01, ukipitisha ampea 60, hupoteza volti 0.6 njiani, na regyuleta inayopima kwenye alternata hudhani betri imeshafikia kikomo. Usilipe upotevu huo kwa kupandisha kikomo, kwa sababu ampea zikipungua upotevu nao hutoweka, na betri hubaki ikipokea nyongeza yote. Peleka waya wa kupimia hadi kwenye vichwa vya betri, ukiwa na fyuzi ndogo karibu na betri. Kisha, betri zikikaribia kujaa, zima taa na friji, endesha injini juu ya mwendo wa chini kabisa, weka multimita (kipima umeme) kwenye vichwa hivyo hivyo, na urekebishe kidogo kidogo, ukisubiri nambari itulie kila mara.

SWALI: Nataka kuweka betri ya lithiamu kwa ajili ya friji ya pikapu yangu. Niweke volti ngapi? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Kwa betri ya volti 12 ya lithiamu na fosfeti ya chuma, kikomo cha kawaida ni volti 14.2 hadi 14.4. Hata hivyo, hatari kubwa iko kwenye ampea. Ukinzani wa ndani wa betri hiyo ni mdogo sana, hivyo huvuta ampea nyingi kwa muda mrefu, na alternata hupata moto kupita kiasi, hasa gari likiwa limesimama na feni inazunguka polepole. Aidha, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikikata chaji ghafla, volteji yaweza kuruka na kuunguza daiodi za alternata. Kwa kuwa regyuleta ya pikapu nyingi imo ndani ya alternata na haina skrubu ya kurekebisha, nakushauri uiache kama ilivyo, alternata iendelee kuhudumia betri ya injini, na katikati ya betri hizo mbili ufunge chaja maalumu inayoweka kikomo cha ampea.