Miguu ya mzee inaganda mlangoni: tutafute mashine ya umeme?

SWALI: Baba ana miaka 68 na anaugua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Akifika mlangoni miguu inaganda kama imenaswa na gundi. Tumesikia kuna mashine za kusisimua neva. Tuanze kuchanga?
Binti wa mzee, Umoja, Nairobi

JIBU: Pole sana, dada. Kabla ya kuchanga, chukua daftari. Kwa siku 5 andika saa anazomeza levodopa, dawa kuu ya Parkinson, na saa miguu inapoganda.

Ikiwa inaganda dawa inapoisha nguvu na kufunguka akishameza, kuna matumaini kwamba mashine ya ubongo itasaidia. Katika upasuaji wa kusisimua ubongo, nyaya nyembamba hupandikizwa ubongoni na betri hukaa chini ya ngozi ya kifua. Ukiacha mtetemeko, upasuaji huo husaidia zaidi yale ambayo levodopa huyatuliza. Miguu ikiganda dawa ikiwa imekolea, usiutarajie sana. Hapo ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Mapigo ya umeme ya mashine hiyo huwekwa kama 130 kwa sekunde. Mwendo ukiharibika, daktari anaweza kujaribu 60, ingawa mtetemeko unaweza kurudi.

Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi na Ufaransa walieleza habari za mgonjwa aliyewekewa elektrodi (vipande vidogo vya kupitisha umeme) kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, akatembea vizuri zaidi. Lakini huyo ni mtu mmoja. Vifaa vya kusisimua neva ya shingoni bado vinachunguzwa, kwa hiyo msivinunue kwa sasa.

Angalieni pia anameza dawa na nini. Chai ya maziwa, nyama na maharagwe vina protini inayoshindana na levodopa kuingia mwilini. Ameze kwa maji, nusu saa hivi kabla ya kula, ila akisikia kichefuchefu ale kipande kidogo cha mkate. Msimbadilishie dozi wenyewe.

Mlangoni, bandikeni vipande vya tepu yenye rangi tofauti na sakafu, kuanzia mita moja kabla ya kizingiti hadi ng'ambo yake. Viachane sentimita 40 hivi, kisha rekebisheni kulingana na hatua yake. Avuke kila mstari kwa hatua, sio kuukanyaga.

Akiganda, tafadhali msimvute mkono: kifua kitatangulia, miguu ibaki, aanguke. Asimame kabisa, ahamishe uzito kushoto na kulia, ahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ainue goti. Akitaka kugeuka, azunguke kwa upana badala ya kujipinda mahali pamoja.

Hilo daftari mlipeleke kliniki ya mishipa ya fahamu, pamoja na video fupi ya simu akiwa ameganda, maana mbele ya daktari wagonjwa wengi hutembea vizuri.