Maswali na majibu: Kitabu cha zamani chenye picha

Nimenunua juzuu mbili za In Darkest Africa, kitabu cha msafiri Henry Morton Stanley kuhusu msafara wake Afrika, katika duka la hisani, kwa bei ya kutupa. Zimeandikwa 1890. Je, nimepata mali? (Msomaji, Leicester)

Umepata kitabu kizuri, ila mali bado. Kilipotoka mwaka 1890 kilichapishwa kwa wingi, London na New York, kikafasiriwa pia, na nakala zake bado zimejaa sokoni. Adimu ni zile 250 za karatasi kubwa zilizotiwa saini na Stanley mwenyewe. Yako itapimwa kwa ukamilifu wake. Anza na orodha ya picha mwanzoni mwa kila juzuu, kisha pitia kurasa ukihakiki moja baada ya nyingine. Halafu tazama kama kuna mfuko ndani ya jalada: ramani kubwa za kukunja zilihifadhiwa humo, na ndizo hupotea kwanza. Ukizikuta, zikunjue taratibu mezani uangalie mikunjo, maana hapo ndipo huchanika, na mtu akishabandika selotepu bei inaporomoka.

Zikiwa kamili, usikimbilie kuuza. Msafara unaosimuliwa humo uliandikisha watu zaidi ya 600 Unguja mwaka 1887, ukaishia Bagamoyo Desemba 1889, na wengi wao hawakurudi. Masimulizi ni ya Stanley, lakini waliobeba mizigo msituni ni watu wa kwetu. Natamani wajukuu zao wakisome, wakibishie pale kinapostahili kubishiwa.

Kurasa zina madoa ya rangi ya kutu. Niyafute kwa jiki? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, tafadhali! Jiki inakula karatasi. Madoa hayo hutokana na unyevu na uchafu uliomo katika karatasi yenyewe, na wanunuzi wa vitabu vya karne ya 19 wameyazoea. Kazi yako ni kuzuia yasienee: rafu isiguse ukuta, vitabu visibanane, na uvifungue mara kwa mara kuangalia mende na mchwa. Ile karatasi laini inayofunika picha usiitoe. Inazuia wino usihamie ukurasa wa pili.

Nina Peter Rabbit, kile kitabu cha watoto cha Beatrix Potter, yenye mwaka 1902. Ni toleo la kwanza? (Msomaji, Arusha)

Huenda siyo. Kampuni ya Warne, iliyokichapisha, iliendelea kuchapa mwaka huo wa hakimiliki katika nakala za baadaye. Za mwanzo kabisa ni 250 alizozigharimia Beatrix Potter mwenyewe Desemba 1901, na picha zake za ndani hazina rangi, isipokuwa ile ya mwanzoni.

Fundi fremu ananishauri nikate picha niziuze moja moja. (Msomaji, Nairobi)

Kitabu ni chako, lakini nakusihi usifanye hivyo. Kitabu kizima kikishakatwa hakirudi, na kila kinachokatwa kinapunguza vilivyobaki duniani. Kama kilishachanika na nusu ya kurasa haipo, hapo sina neno.

Bei halisi nitaijuaje? (Msomaji, Dodoma)

Bei anayotaja muuzaji mtandaoni ni matumaini yake tu. Tafuta matokeo ya minada, yaani kiasi kilicholipwa kweli, kwa nakala ya mwaka huohuo na hali hiyohiyo. Ukiomba tathmini, tuma picha za jalada, mgongo, ukurasa wa jina pamoja na nyuma yake, na kila kasoro. Na umwombe mtu asiyetaka kukinunua.